Vitisho vya Tangini

Kila siku, kabla ya kufunua sufuria yake, Kristina alikuwa anamtukana mtu mmoja kwanza.

Hakuwa mwanamke mkali. Alikuwa anaamka mapema, anachemsha kuku wake, anasonga ugali wa mtama, anabeba vyote kichwani mpaka stesheni na kuvitua kando ya reli. Anapangusa kigoda kwa pindo la khanga. Halafu hakai. Anasimama mikono kiunoni, anaitazama injini ikiingia, na hapo ndipo anapochagua. Kama ndani ya gari moshi kulikuwa na Mnyamwezi anayemjua, huyo ndiye. Kama hakumwona anayemjua, aliuliza kwa sauti, "Leo hamna Mnyamwezi humo? Wamekwisha wote?" Hakikukosekana kichwa cha kuchomoza dirishani na kumjibu. Akishajibiwa vizuri, anakaa, anafunua sufuria, na biashara inaanza.

Stesheni yenyewe ilikuwa ndogo, magharibi ya Manyoni, njia ya kwenda Itigi. Watu waliiita Tangini kwa sababu ya tangi kubwa la maji lililosimama pale juu ya miguu minne ya chuma. Injini ilisimama dakika ishirini kunywa maji, na abiria wakashuka kula. Bila lile tangi, gari moshi lingepita Tangini kama upepo, na Kristina angekuwa amebaki kwao Kinampanda akilima.

Sasa, Wanyiramba na Wanyamwezi ni watani. Utani huo ulianza lini, kila mzee alikuwa na hadithi yake, na hakuna aliyejali sana. Kilichojulikana ni kwamba mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukutangazia kifo chako mbele za watu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na siku ukifa kweli, yeye ndiye anayekuja kukuzika.

Mtani mkubwa wa Kristina alikuwa Antipasi, mtu wa Tabora, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia moto wa injini. Alikuwa mrefu, mweusi wa masizi, na umri wake ulilingana na wa Kristina. Miaka minne nyuma, Zefania, mume wa Kristina, aliyekuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli, alikufa kwa kichomi. Siku ya mazishi Antipasi aliomba ruhusa kazini, akaja, akaruka ndani ya kaburi kabla maiti haijateremshwa, akalala chali na kukunja mikono kifuani.

"Hapa pana baridi nzuri," alisema. "Zefania mtafutieni pengine."

Alikataa kutoka mpaka apewe jogoo. Kristina, ambaye alikuwa amelia siku mbili mfululizo, aliinua uso akasema, "Mpeni yule kilema. Wanafanana." Watu wakacheka makaburini, na Kristina akacheka nao huku machozi yanashuka. Antipasi akatoka, akashika koleo, na hakuliachia mpaka kaburi lilipojaa. Tangu siku hiyo, tusi la kwanza la siku lilikuwa lake kila alipopita.

Basi hivyo ndivyo Kristina alivyoishi, mpaka mwaka wa 1953 magazeti yalipoanza kuja na habari za Kenya.

Gazeti lilifika Jumamosi, na msomaji alikuwa Luciana, mwalimu wa darasa la kwanza, msichana aliyesoma kwa wamisionari wa Kilimatinde na ambaye alikuwa amepanga chumba kwa Kristina. Luciana alikuwa mwenye haya. Aliongea kwa sauti ndogo mno, na alipokuwa anasoma gazeti barazani alasiri, watu walilazimika kusogea, kuinama na kushika pumzi ili wamsikie. Habari yoyote ukiisikia umeinama na umeshika pumzi, inatisha. Hata bei ya karanga ilikuwa inatisha ikitoka kinywani mwa Luciana. Sembuse habari za Mau Mau.

Gazeti liliwaita magaidi. Walikuwapo watu wa Tangini walionong'ona kwamba wale ni watu wanaodai mashamba yao, lakini gazeti halikuliandika hilo, na Luciana hakuwa mtu wa kuongeza neno. Alisoma yaliyoandikwa: viapo, mapanga, nyumba zilizochomwa. Nairobi ilikuwa mbali hivi kwamba hapakuwa na mtu wa Tangini aliyewahi kufika. Lakini kila Jumamosi ilisogea kidogo. Kufikia mwezi wa tano ilikuwa kama iko nyuma ya vichaka vya Itigi.

Makufuli yakaisha dukani. Hata watu ambao nyumba zao zilikuwa na pazia tu mlangoni walinunua. Gasto, fundi cherehani, akaanza kulala na pasi yake ya mkaa kando ya mto. Redempta, aliyeuza mayai ya kuchemsha karibu na Kristina, akasaga pilipili kavu kopo zima, akatembea nalo kila mahali, mpaka siku alipopiga chafya sokoni akalimwaga na soko zima likalia. Na mtu mmoja mnunuzi wa asali kutoka Kondoa, ambaye kosa lake lilikuwa nywele ndefu, alipokewa kwa kiti, kwa maji ya kunawa, kwa chakula kizuri, na watu saba walikaa kimya kumtazama akila. Aliondoka anasema kwamba hajawahi kuona wenyeji wakarimu kama wa Tangini.

Hapo ndipo serikali ilipomleta Koplo Laurian.

Alikuwa kijana wa Bukoba, buti zake zinang'aa, penseli yake imechongwa pande zote mbili. Alikuja na askari mmoja mzee, Mnyaturu aitwaye Simeoni, akafanya ofisi kwenye chumba kimoja cha godauni la stesheni, na ukutani akabandika tangazo kwamba mtu yeyote atakayesikia maneno ya kutishia uhai wa mwingine alete habari mara moja. Siku mbili zilipita bila mtu kuleta habari. Siku ya tatu, Jumatatu, saa nne asubuhi, koplo alikuwa amesimama karibu na sufuria ya Kristina, anangoja kununua paja la kuku, gari moshi la kwenda Tabora likaingia.

Kristina akaweka mikono kiunoni.

"We Mnyamwezi!" akaanza. "Umenawa mwaka huu, au unangoja mvua?"

Antipasi akachungulia kutoka kwenye injini, meno tu yanaonekana.

"Nitanawa nikimaliza kazi. Mwaka huu Wanyiramba wote mnakwisha. Wenzangu wamo humo nyuma kwenye mabehewa, wamejaa tele. Tunaanza na wewe. Kichwa chako nakipeleka Tabora, mke wangu anatafuta chombo cha kuwekea chumvi."

"Kizito hiki, hukiwezi. Ninyi mmezoea kubeba mizigo ya watu, ya kwenu inawashinda."

"Basi nitakikata vipande. Kesho nikirudi funga mlango. Na hata ukifunga, nitapita juu ya paa."

"Pita, baba, pita. Linavuja. Ukiwa huko huko unizibie."

Abiria wakacheka. Kristina akakaa, akafunua sufuria. Koplo Laurian hakucheka. Alikuwa ameshatoa daftari.

"Umesema wenzako wako mabehewa mangapi?" alimwuliza Antipasi kwa upole.

Antipasi alifurahi. Alidhani koplo ameingia kwenye utani. "Kumi na mawili, bwana koplo," akajibu. "Na la mwisho ndilo la mapanga."

Kwa bahati mbaya hilo lilikuwa kweli. Behewa la mwisho lilikuwa na masanduku matatu ya mapanga mapya ya mwenye duka mmoja wa Tabora, na Antipasi alijua kwa sababu alikuwapo yakipakiwa. Koplo aliyaona mapanga kabla hajaiona karatasi ya mzigo. Na alipoiona karatasi, mkono wake ulikuwa umeshamshika Antipasi begani.

"Shuka."

"Nishuke, bwana koplo? Injini itajitia moto yenyewe?"

Alishushwa. Gari moshi liliondoka limechelewa nusu saa, mtu wa breki akiwa anaangalia moto, bila mapanga na bila Antipasi. Yeye alifungiwa chumba cha pili cha godauni, chenye dirisha la nondo. Stesheni masta alipiga simu ya waya Manyoni, na jibu lilikuja kwamba mkaguzi wa polisi atapita Jumanne ya wiki inayofuata, ataamua kama mtu huyo apelekwe mbele, mahakamani Manyoni. Akipelekwa mbele, stesheni masta alimwambia Kristina, injini itapata mtu mwingine, na Antipasi ahesabu kwamba kazi imekwisha, hata kama baadaye ataachiwa.

Hata hivyo Kristina alicheka sana siku hiyo; hakuamini kwamba mtu anaweza kufungwa kwa utani. Alasiri alichukua bakuli la ugali na kuku, akaenda godauni akiwa ameandaa maneno njiani: atamwuliza kama sasa amepata nyumba isiyovuja. Alifika dirishani.

Antipasi alisimama. Aliitoa begani fulana yake ya masizi, akaikunja, akasogea.

"Habari za mchana, Mama Stumai," alisema.

Stumai ni binti yake Kristina, ameolewa Itigi. Watu wote wa Tangini walimwita Kristina hivyo. Lakini Antipasi, miaka yote hiyo, alikuwa hajalitamka jina hilo hata mara moja. Kristina aligeuka nyuma kuona kama kuna mwanamke mwingine.

"We Mnyamwezi, unaumwa?"

"Sijambo, Mama Stumai, Mungu ni mwema. Asante kwa chakula. Samahani kwa usumbufu. Wasalimie nyumbani."

Bakuli likainama, mchuzi ukamwagika mguuni kwa Kristina. Alimwambia Simeoni, aliyekuwa mlangoni, kwamba ulikuwa wa moto. Mchuzi ule ulikuwa umepoa tangu saa nane.

Akaenda moja kwa moja kwa koplo.

"Mama, umekuja vizuri," koplo akasema, akafungua daftari. "Huyu mtu alikutisha?"

"Alinitania."

"Alisema atakukata kichwa?"

"Alisema."

"Na wewe hukuogopa?"

"Niogope nini, baba? Mwaka jana aliniambia ataniozesha kwa fisi."

Koplo akaandika: *Si mara ya kwanza.*

"Hapana, usiandike hivyo. Mimi mwenyewe nilimwambia nitamchemsha pamoja na kuku. Sisi ni watani. Hujui utani wewe? Kwenu hamtukanani?"

"Kwetu," koplo akasema taratibu, "mtu akimwambia mjane kwamba atapita juu ya paa kumkata kichwa, hatumwiti mtani." Alimtazama kwa huruma. "Mama, usiwe na wasiwasi. Serikali ipo. Sema tu."

"Nimesema!"

Koplo akaandika: *Shahidi anaogopa kusema.*

"Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba unaogopa."

"Siogopi!" Kristina akapaza sauti mpaka njiwa wa paani wakaruka.

Koplo akaongeza: *sana.*

Hakuwa mjinga, Koplo Laurian. Yeye naye alikuwa amesoma magazeti, yote, tangu la kwanza, na alikuwa amejiapia kwamba jambo hilo likifika mahali pake, hawatamkuta amelala. Sasa lilikuwa limefika, tena pamoja na masanduku matatu ya mapanga. Kila alichosema Kristina kiliingia kwenye daftari na kutoka kimevaa sare.

Jumamosi gazeti likaja. Luciana alilifungua barazani kama kawaida, akasoma mistari miwili kimoyomoyo, akalishusha magotini.

"Soma, mwalimu," Gasto akasema. "Tumeshainama."

Luciana akasoma. Vitisho vilikuwa vimefika Reli ya Kati. Mwanamke mmoja mwuza chakula, stesheni ndogo karibu na Manyoni, alikuwa ametishiwa kukatwa kichwa na mtu mwenye wenzake wengi. Mapanga yamekamatwa. Mwanamke huyo anaogopa sana.

"Mimi huyo!" Kristina akaruka. "Nimo gazetini?"

"Jina halimo, mama."

"Wameliacha kwa nini? Jina langu refu?"

Alifurahi kwa muda wa kama kikombe cha chai. Kisha akaona kwamba Redempta, aliyekuwa amekaa mkekani karibu naye, amesogea.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote," Redempta akajibu. "Jua."

Hapakuwa na jua. Na jioni ile watu wakaanza kuja. Mmoja alileta unga, mwingine maharage. Walikaa naye, wakazungumza kwa sauti za chini, wakamwambia ajikaze. Gasto alimletea kufuli lake mwenyewe. Kristina alitazama watu walivyojaa uani akaona kwamba hii ni matanga, na marehemu ni yeye.

"Lakini ninyi mlikuwapo!" akawaambia. "Jumatatu mlikuwapo, mlicheka! Redempta, wewe ulicheka mpaka yai likakukaba."

"Nilicheka," Redempta akakubali, "kwa sababu nilikuwa sijajua. Lakini macho yake niliyaona. Yalikuwa mekundu."

"Masizi hayo! Mtu anakaa mbele ya moto kutwa, macho yawe ya kijani?"

"Leo unasema masizi," Redempta akasema kwa huzuni, na watu wakatikisa vichwa, na mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kwamba kweli, macho yalikuwa mekundu, na tena mkono mmoja alikuwa ameuficha.

Hapo Kristina akakaa chini. Watu hawa walikuwa wameona kwa macho yao, na mistari mitano ya gazeti ilikuwa imeyapiku macho yao yote.

Luciana alijiona yeye ndiye mwenye kosa. Usiku kucha hakupata usingizi. Asubuhi aliandika barua kwa gazeti, akaifuta, akaandika nyingine, na ya tatu akaituma kwa gari moshi kama anayemwomba gavana samahani.

Tangu Antipasi afungiwe, siku zote zilikuwa mbaya. Kwenye injini kulikuwa na mtu mpya, kijana wa Morogoro, na alipofika Tangini alimwambia Kristina shikamoo. Kristina akaitikia marahaba, akakaa, akafunua sufuria bila kumtukana mtu. Baada ya Jumamosi abiria walikula kimya na kurudi ndani haraka, kwa maana na wao walikuwa wamesoma gazeti. Alijaribu kuuliza kama hamna Mnyamwezi, na madirisha mawili yakafungwa. Kila siku alionja mchuzi akidhani amesahau chumvi. Na kila alasiri alipeleka bakuli godauni, na kila alasiri Antipasi alisimama, akasema, "Habari za mchana, Mama Stumai," akauliza hali ya Stumai, akauliza hali ya wajukuu. Alikuwa anawaza watoto wake wanne Tabora. Alikuwa ameamua kwamba mdomo wake ndio uliomponza, na hautamponza tena maisha.

Jumanne mkaguzi akashuka. Alikuwa Mzungu wa makamo mwenye masharubu ya rangi ya mchanga, na alikuwa na dakika ishirini, kwa sababu gari lililomleta ndilo lililotakiwa kumpeleka Itigi. Meza iliwekwa mbele ya godauni. Juu ya meza kuliwekwa daftari la koplo, panga moja jipya, na kofia ya Antipasi, ambavyo vyote vilikuwa ushahidi. Abiria wakashuka kutazama. Hakuna aliyenunua chakula.

Mkaguzi akasoma, akainua macho.

"Wewe ndiye mama anayeogopa sana?"

"Ni mimi, bwana mkubwa, lakini siogopi."

"Hm." Akamgeukia Antipasi. "Wewe. Unamjua mama huyu?"

"Namjua, bwana. Ni Mama Stumai. Ninamheshimu sana."

Kristina alifumba macho. Jinsi alivyolisema, hata yeye angemfunga.

"Bwana mkubwa," akasema, "mwambie anitukane."

"Akufanye nini?"

"Anitukane. Akinitukana utaelewa."

Mkaguzi akamtazama koplo, koplo akatazama buti. "Basi," mkaguzi akamwambia Antipasi, "mtukane."

"Siwezi, bwana," Antipasi akasema, macho chini. "Siwezi kumtukana Mama Stumai mbele ya serikali."

Mkaguzi akachukua kalamu. Tangi lilikuwa linamimina maji kwenye injini, na kila mtu aliyekaa Tangini alijua kwa sauti ya maji yale ni dakika ngapi zimebaki. Zilikuwa kama nane.

Kristina akaitua sufuria yake kando ya meza, kijiko cha mchuzi mkononi, akasogea. Akaichukua ile kofia, akaigeuza, akainusa, akaanza kufutia masizi ya sufuria yake.

"Mama! Hicho ni kielelezo!" koplo akapiga kelele.

"Kinanuka," Kristina akasema. Akaivaa. Ilimfika masikioni. Akaweka mikono kiunoni, akamtazama Antipasi.

"We Mnyamwezi. Umenenepa humo ndani kwa kuku wangu, sasa unajifanya padri. Haya, nenda Manyoni. Nenda ukakae. Lakini nakuambia, wakikuchukua leo, mimi nakufa. Nakufa makusudi, keshokutwa, Alhamisi. Wewe utakuwa jela. Na atakayenizika nani? Huyu hapa." Akamwonyesha koplo kwa kijiko cha mchuzi. "Atanizika na buti zake. Ataandika kila koleo kwenye daftari. Atanizika kwa adabu, kimya, watu watasinzia makaburini, na hakuna atakayelala kwenye shimo langu kusema kama pana baridi au pana joto. Nitaingia humo bila kujua hali ya hewa!"

Sauti yake ilikatika mwishoni, na hakutaka ikatike. Antipasi alikuwa bado anatazama chini, lakini shingo yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Hawezi," akasema kwa sauti ndogo.

"Nani hawezi?"

"Koplo. Hawezi kukuzika." Antipasi akainua uso, na meno yakaonekana. "Mtu mmoja atakuwezaje? Shimo lako linataka plau na ng'ombe sita! Utazikwa vipande, we Mnyiramba, tumbo Tangini, miguu Itigi, na huo mdomo tutauzika peke yake, mbali, na mlinzi juu!"

"Na mlinzi awe wewe!"

"Sitaki! Utanitukana kutoka chini!"

Wa kwanza kucheka alikuwa askari Simeoni, ambaye alikuwa amesimama kama mti wiki nzima. Alicheka mpaka bunduki ikagonga ukuta. Kisha abiria wa behewa la kwanza, kisha wa la pili, kisha Redempta, kopo lake la mayai likilia kama njuga.

"Simeoni!" mkaguzi akasema. "Nini hii?"

"Ni watani, bwana," Simeoni akajibu akipangusa macho.

"Na ulijua?"

"Nilijua, bwana."

"Wiki nzima! Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa, bwana."

Injini ikapiga honi. Mkaguzi akatazama saa yake, akamwuliza koplo kuhusu mapanga, na koplo akakiri kwamba karatasi zilikuwapo, na kwamba mwenye duka wa Tabora alikuwa ameleta simu tatu, ya tatu kali. Mkaguzi akaandika mstari mmoja. Antipasi aachiwe, arudi kazini, na kuanzia leo asimtishe mtu yeyote katika stesheni ya serikali.

"Na matusi, bwana?" koplo akauliza, penseli tayari.

Mkaguzi akafikiri. "Matusi yasiyo na mapanga," akasema, akapanda gari lake.

Antipasi alikimbia kwenye injini. Kijana wa Morogoro akampisha kwa furaha. Gari lilipoanza kuondoka, alichungulia nje.

"We Mnyiramba! Kofia yangu!"

"Njoo uichukue kaburini!" Kristina akajibu. Kisha akakaa, akafunua sufuria, na kugundua kwamba abiria wote wameshaondoka. Kuku wale waliliwa na watu wa Tangini wenyewe, na koplo alikula mapaja mawili.

Gazeti halikuandika neno. Barua ya Luciana haikuchapishwa, wala hakujibiwa. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na habari za bei ya karanga na habari nyingine za Kenya, na Tangini haikutajwa tena. Kristina aliomba akatiwe kile kipande cha mistari mitano, akakibandika ukutani juu ya kitanda, ambapo yule mwanamke wa gazetini aliendelea kuogopa sana mpaka karatasi ilipopauka. Redempta alirudisha kigoda chake karibu na cha Kristina, akasema yeye tangu mwanzo alijua ni masizi. Na Koplo Laurian, baada ya kama mwezi hivi, alimwuliza Kristina siku moja, huku akijifanya anachagua paja, kama mtu wa Bukoba naye anaweza kuwa mtani wa mtu huku. Kristina alimwambia hapana, lakini atafikiri.

Luciana alikuwa na swali, akalitunza kama wiki tatu, maana hakujua aanzie wapi. Alasiri moja walikuwa uani wananyonyoa kuku, manyoya yamewajaa magotini, kofia ya Antipasi imetundikwa kwenye mlingoti wa kuanikia nguo.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake ndogo, mpaka Kristina akainama ili amsikie, "hukuogopa hata kidogo?"

Kristina akanyonyoa bawa lote kwanza, akaligeuza, akaangalia kama limesafika.

"Niliogopa," akasema. "Aliponiita Mama Stumai."